Haki ya Njaa

Mtu aliyenuia kufunga, akala daku yake, kisha akakaa na kifuko chake cha muguka akatafuna hadi karibu na adhana ya alfajiri, kusudi njaa isimjie mchana kutwa, je, amefunga au hakufunga? Swali hili nililisikia likiulizwa katika mji wa Kitui, na jibu lake kwa upande wa fikihi si gumu: mpaka wa saumu ni alfajiri, na kilichopita kooni kabla ya mpaka huo hakibatilishi kitu, basi saumu ya mtu yule ni sahihi na hana siku ya kulipa. Walakini muulizaji aliondoka na jibu hilo bila ya kuridhika, na mimi naona alikuwa na haki ya kutoridhika, kwa kuwa shaka yake haikuwa juu ya saa. Ilikuwa juu ya kitu alichokusudia kumtolea Mola wake. Ikiwa njaa yenyewe haikumgusa tangu macheo mpaka machweo, alichokitoa ni nini?

Natamani kulichukua swali hilo nje ya msikiti na kulipeleka mahali ambapo njaa haichaguliwi. Kitui na Makueni ni nchi kavu, ambako mkulima hutegemea mvua ya vuli kuliko ya masika, na vuli ikimkosa hana pa kukimbilia. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, moja baada ya moja, hata waliokuwa na ghala wakafuta mavumbi ya sakafu. Katika nchi hiyo hiyo jani la kutafuna limepata soko. Muguka hutoka Mbeere katika kaunti ya Embu, na ndugu yake miraa hutoka Igembe katika kaunti ya Meru, na yote mawili ni mti mmoja kwa nasaba, ijapokuwa bei zake hazilingani, muguka ukiwa rahisi na miraa ghali. Hununuliwa na madereva wa malori wanaopumzika Emali, Makindu na Mtito Andei, na waendesha bodaboda, na wapakiaji mchanga, na wachoma makaa, na walinzi wa usiku. Wengi husema kwamba wanachana, yaani wanatafuna, ili wakeshe. Ukikaa nao kitambo utasikia sababu ya pili, ambayo husemwa kwa sauti ya chini kuliko ile ya kwanza: wanachana ili wasile.

Sababu hiyo si dhana yao tu. Mwaka 1975 wanakemia wa maabara ya Umoja wa Mataifa walitambua ndani ya jani bichi kiini kiitwacho kathinoni, ambacho kwa umbo na kwa tendo ni jamaa wa karibu wa amfetamini. Kiini hicho huuchangamsha ubongo na kuuharakisha moyo, huondoa usingizi, hulichelewesha tumbo hata chakula kikakawia kushuka, na huizima hamu ya kula kwa muda wa saa kadhaa. Na kwa kuwa nguvu zake hupungua kadiri jani linavyonyauka, siku mbili tatu baada ya kuchumwa, magari yanayolibeba hayana subira barabarani. Amfetamini nayo ilitengenezwa Berlin mwaka 1887 na Lazăr Edeleanu, mkemia wa Romania, ikakaa bila ya kazi mpaka miaka ya 1930, ilipoanza kuuzwa kama dawa, na waganga wakaona kwamba walioimeza hawakuwa na haja ya chakula. Tangu hapo ikawa dawa ya kukondesha katika Marekani na Ulaya, na wanawake wengi waliingia katika uraibu wakiongozwa na cheti cha daktari. Miaka ya 1950 ilileta amfepramoni, ambayo ukiichambua kikemia ni kathinoni iliyoongezewa viungo, ikauzwa kwa watu waliotaka kupunguza unene. Miaka ya 1960 ikaleta aminoreksi, iliyozua katika Uswisi, Ujerumani na Austria maradhi ya mishipa ya mapafu, watu wakafa, nayo ikaondolewa sokoni mwaka 1968. Amfepramoni ilidumu zaidi ya nusu karne. Ni mwaka 2022 ndipo Shirika la Dawa la Ulaya lilipopendekeza iondolewe, kwa madhara yake kwa moyo na mapafu, na kwa kuwa watu walikuwa wakiitumia kupita muda ulioruhusiwa.

Hivyo nasaba moja ya dawa imewatumikia watu wawili wasiojuana: bibi wa Ulaya aliyeinunua ili aweze kuviacha vyakula vilivyojaa mezani pake, na kibarua wa mji wa Wote anayeinunua kwenye steji ili asihisi ukosefu wa chakula ambacho hana. Mwili wa bibi yule ulikuwa ukitaka zaidi ya haja yake, au yeye mwenyewe alifundishwa na walimwengu kuamini hivyo. Mwili wa kibarua husema kweli tupu. Dawa imewafumba vinywa wote wawili kwa namna moja, maana haina akili ya kupambanua baina ya shahidi wa kweli na shahidi wa uongo, na hapo ndipo ninapoona kwamba jambo hili limevuka mipaka ya tiba, ikawapasa watu wa dini na wa hekima kulizungumza.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake kikuu, Ihyaa, mlango mzima juu ya kuzivunja tamaa mbili, ya tumbo na ya tupu, akazihesabu faida za njaa. Na miongoni mwa faida hizo aliiweka hii, kwamba mwenye njaa hawasahau wenye njaa, ilhali shibe huufunika moyo hata mtu akapita mbele ya mhitaji bila ya kumwona. Akasimulia habari za Nabii Yusuf, aliyekuwa na maghala yote ya Misri chini ya mkono wake katika miaka ya ukame, naye akikaa na njaa. Alipoulizwa kwa nini, alieleza kwamba aliogopa akishiba atawasahau waliokosa. Nimeyafikiri masimulizi hayo mara nyingi. Yusuf alikuwa na hesabu zote: alijua ghala lina pishi ngapi, mji una watu wangapi, na miaka ya dhiki imebaki mingapi, na juu ya hesabu zote hizo aliona amepungukiwa na elimu ambayo haiandikwi katika daftari, akaitafuta kwa tumbo lake mwenyewe. Njaa kwake ilikuwa ni njia ya kujua. Laiti angaliletewa jani la kumwondolea uchungu ule akaendelea kutokula, angalibaki na tumbo tupu kama lile la kwanza, asijue chochote zaidi ya mtu aliyeshiba.

Ghazali huyo huyo, katika mlango wa siri za saumu, anasema kwamba ni katika adabu ya mfungaji asizidishe kulala mchana, ili aihisi njaa na kiu na udhaifu wa nguvu zake, na anawalaumu wanaokusanya wakati wa futari vyakula vyote vya mchana na usiku wakavila kwa mara moja. Ikiwa usingizi, ambao ni mubaha na haumdhuru mtu, unaweza kuipokonya saumu roho yake, basi ninathubutu kumjibu muulizaji wa Kitui kwamba saumu ya mtu yule ni sahihi mbele ya kadhi, na kwamba alichokitoa mbele ya Mola wake ni ratiba ya mlo iliyobadilishwa. Sisemi hivi kwa kumdharau. Nasema kwa kuwa naona amejinyima kitu kilichokuwa chake.

Lakini hiyo ni nusu ndogo ya jambo. Njaa ina haki juu ya mwenye mwili, ya kusikilizwa. Nayo ina haki nyingine, kubwa kuliko ile, juu ya watu walio karibu naye. Waislamu wamefundishwa katika hadithi, na Wakristo katika Injili ya Mathayo, kwamba Siku ya Hukumu watu wataulizwa juu ya mwenye njaa waliyemwacha, na kwamba Mungu atajiweka mahali pa yule mwenye njaa, kana kwamba Yeye ndiye aliyenyimwa. Mafundisho hayo mawili yana sharti moja ambalo halikutajwa kwa kuwa lilikuwa dhahiri mno: kwamba njaa ya yule mtu ilikuwa inaonekana. Uso ulionyesha, mikono ilitetemeka, sauti iliomba. Aliyempita alimpita akijua.

Wakamba wa zamani walilijua sharti hilo vizuri. Njaa zilizowapata waliziita kwa majina, na mzee wa Makueni hata leo akitaka kukueleza mtu fulani alizaliwa lini aweza kuanza na njaa iliyokuwepo. Ile ya mwisho wa karne ya 19, iliyofikia upeo wake katika miaka ya 1898 na 1899, ikafuatana na ndui huku sotoka ikiwa imekwisha kuwafilisi wenye ng'ombe, huitwa Ngomanisye; ile ya mwaka 1984 huitwa Nikwa Ngwete, kwa kumbukumbu ya watu waliokuwa na fedha mkononi na sokoni hamna cha kununua. Njaa yenye jina ni njaa ya wote. Watu huisimulia, huilaumu serikali kwayo, hutunga nyimbo juu yake, huwakumbuka kwa shukrani waliogawana na kwa uchungu waliofunga milango. Njaa inayofishwa kila siku saa sita mchana ndani ya shavu la mtu mmoja haipati jina, na asiye na jina hana wa kumdai.

Kijana mmoja mpakiaji mchanga, karibu na mto Thwake, aliniambia neno ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. "Mzee," alisema, "nikila saa sita nalala. Nikichana nafika jioni, na pesa ya ugali wangu wanakula watoto." Mimi sikuona kosa katika hesabu yake. Bei ya muguka ni chini ya bei ya sahani ya muthokoi hotelini, na kwa siku ambayo lori lisipojaa hakuna ujira, yule kijana alikuwa amefanya kama wafanyavyo wazazi wengi wema tangu dunia kuwapo, ambao hujinyima ili wanao wale. Nani mwenye dini atakayesimama mbele yake akamwambia kwamba ametenda dhambi?

Mimi sitasema, na nasikitika nikiwasikia wasemao. Hata hivyo, baada ya kuyatafakari maneno yake kwa muda, nimeona yana ndani yake huzuni iliyozidi ile aliyoitaja. Mzazi anayejinyima bila ya dawa hupata uchungu wa kujinyima kwake, na uchungu ule humpa hoja: usiku anaweza kumwambia mkewe kwamba hali hii haivumiliki, kesho anaweza kumwambia mwenye lori kwamba ujira huu hautoshi, na wenzake wakiuhisi uchungu ule ule siku moja wataweka koleo chini pamoja. Aliyetafuna anafika jioni kweli. Amefika na moyo unaodunda, macho makavu, tumbo lililofunga, na usingizi uliokimbia, na njaa yake yote ya mchana imegeuka kuwa urahisi kwa mtu mwingine, yaani mwenye lori, ambaye amepata mfanyakazi asiyepumzika kula, wala hakuulizwa hata siku moja kama chakula kipo. Na siku ambayo muguka hauji, njaa humrudia na jamaa wawili, uchovu na ghadhabu, na nyumbani wanajua siku hizo ni zipi.

Kwa hiyo naona hukumu zilizopitishwa juu ya jani hili, za wanazuoni na za wachungaji, zina ukweli, ila zimesimama pembeni ya jambo. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa Kishafii aliyeishi Makka na kufariki mwaka 1567, ambaye vitabu vyake ni tegemeo la madhehebu yanayofuatwa pwani yetu, aliletewa kutoka Yemen maneno yanayopingana juu ya jani hili, wengine wakiliharamisha na wengine wakilihalalisha kwa kuwa masufi hulitumia wapate kukesha katika dhikri. Naye akaandika risala ambayo ndani yake hakuliharamisha moja kwa moja, akawanasihi watu waliepuke kwa kuwa ni jambo la shubuha. Uangalifu huo ni mzuri. Lakini mjadala wenyewe, tangu zama zake mpaka leo, umezunguka zaidi juu ya akili: jani hulevya au halilevyi, huharibu au haliharibu? Nao Wakristo wa Ukambani, ambako Peter Cameron Scott alifungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission mwaka 1895 pale Nzaui, katika Makueni ya leo, hulihukumu kwa fundisho la Paulo kwamba mwili ni hekalu la Roho na haijuzu kuutia uchafu. Mimi naliheshimu fundisho hilo. Ila mtu aweza kulitunza hekalu lake likang'aa, akapita kila asubuhi mbele ya wapakiaji mchanga wasiokula, wala fundisho hilo peke yake lisimsimamishe.

Serikali nayo ilikuwa na nafasi yake. Mwezi wa Mei mwaka 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka katika kaunti zao, na haukupita muda Rais William Ruto, baada ya kukutana na viongozi wa Embu, akatamka kwamba amri zile hazina nguvu, kwa kuwa sheria ya nchi inautambua muguka kuwa zao halali pamoja na miraa. Upande mmoja ulisema juu ya vijana wa pwani wanaopotea, upande wa pili juu ya wakulima wa Mbeere na karo za watoto wao, na pande zote mbili zilisema kweli. Sikumsikia msemaji hata mmoja aliyeuliza ni watafunaji wangapi katika wale waliokuwa wakijinunulia jani badala ya chakula cha mchana. Na Makueni, ambayo barabara ya Mombasa inaipasua toka mwanzo hadi mwisho, ilitajwa kwa nadra mno.

Huenda msomaji akaniuliza kama naona hamu ya kula isizimwe kwa dawa hata na mgonjwa. Sioni hivyo. Unene uliopita kiasi ni maradhi, huleta sukari na shinikizo la damu, na tabibu mwaminifu akiona dawa inafaa na madhara yake ameyapima, kuitumia ni katika kuutunza mwili tulioamanishwa. Aidha sioni ubaya kwa mgonjwa anayepunguziwa maumivu ya tumbo. Ninalolipinga ni kule kuifanya njaa ya kweli, inayosema kwamba mtu hajala na yampasa kula, kuwa dalili ya kufishwa kama kikohozi. Na katika hilo naweka lawama ndogo sana juu ya mtafunaji. Yeye alitafuta namna ya kuishi na hali aliyoikuta. Waliobaki ndio wenye hesabu ya kutoa: mwenye lori, mwenye jengo, mwenye shamba la maembe anayeita vibarua alfajiri na kuwaachia jioni, na imamu na mchungaji ambao huwahutubia wote hao Ijumaa na Jumapili wakapokea sadaka zao bila ya kuwauliza kibarua wao anakula nini.

Kulikuwa na ada katika Ukambani, na haijafa yote, iitwayo mwethya, ya watu kukusanyika kumsaidia mwenzao kulima au kujenga. Kwa nguvu za mwethya zimejengwa kingo za matuta na mabwawa ya mchanga mengi yanayowanywesha watu wa Kitui na Makueni hata leo. Katika ada hiyo, aliyewaita watu shambani mwake aliwapikia. Kupika huko kulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi, na mwenye shamba aliyeshindwa kupika aliona haya kuwaita. Mkandarasi wa leo huja na mashine na mikataba, huajiri watu wa kijiji kile kile kuchota mchanga wa mto ule ule, huwalipa kwa tripu au kwa siku, na katika mkataba wake mna bei ya dizeli, bei ya saruji na bei ya ulinzi wa usiku. Namwomba sheikh wa Kitui na mchungaji wa Nzaui, kila mmoja katika kundi lake, wamwite mtu huyo kabla ya Ramadhani na Kwaresima zijazo, wamtake auandike mlo wa saa sita katika mkataba huo, juu ya ujira wala si ndani yake, na wamwambie kwamba mpaka afanye hivyo hawatapokea mchango wake wa futari wala wa Pasaka.